Bei tunazo, tarehe hatuna: kwa nini bidhaa mpya za malaria huchelewa kutufikia

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi, nina duka dogo la dawa hapa Arua. Redioni tunasikia kila mara: dawa ya malaria ya watoto wachanga imepitishwa, chandarua kipya kimetoka, chanjo imeanza. Wateja wanakuja kuuliza nami sina la kuwajibu. Nikienda kwa wauzaji wa jumla, kila mmoja ana bei yake, na huyo huyo mmoja bei ya leo siyo ya kesho. Nimesikia mtaalamu akisema soko likiwa wazi, bidhaa mpya zitafika haraka. Ni kweli? Bei zikiwekwa hadharani, dawa itafika huku mapema? Na mimi wa duka dogo hilo linanihusu nini?"

Dada, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kuweka bei hadharani kunasaidia, lakini kwa malaria hapa Uganda bei siyo kitu kilichofichwa zaidi. Bei nyingi zinazolipwa na wanunuzi wakubwa ziko mtandaoni, mwenye simu na bando anaweza kuzisoma usiku huu. Kinachokosekana ni tarehe na idadi: bidhaa fulani imefika hatua gani, nani ataiagiza, atachukua kiasi gani, mzigo utaingia mwezi gani. Hapo ndipo miezi inapopotea, wakati mwingine miaka. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu imekuwa makadirio ya mahitaji ya dawa na ununuzi wake, kwa hiyo nasema nikiwa upande wa mnunuzi. Mwenye kiwanda angekusimulia mengine.

Tazama kwanza nani hununua. Uganda peke yake inabeba takriban 5% ya wagonjwa wote wa malaria duniani, na mbele yetu kwa miaka mingi wako Nigeria na Kongo ya Kinshasa. Mzigo huo hauwezi kulipwa na mwananchi mmoja mmoja dukani. Dawa mseto, vipimo vya haraka na vyandarua vya sekta ya umma hulipiwa kwa kiasi kikubwa na Mfuko wa Dunia (Global Fund, wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria) na Wamarekani, serikali ikiongeza fungu lake kupitia bohari ya taifa, NMS. Hospitali za misheni huchukua kwa JMS, bohari ya makanisa. Chanjo hulipiwa na Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, na mnunuzi ni UNICEF. Wanunuzi hao wachache ndio soko. Mfuko wa Dunia hutangaza bei elekezi za dawa mseto, vipimo na vyandarua unavyonunua kwa pamoja. Humo utaona dozi ya mtoto mdogo ikiuzwa kiwandani chini ya nusu dola. UNICEF nayo imekuwa ikitangaza bei za chanjo tangu 2011, kiwanda kwa kiwanda, mwaka kwa mwaka.

Kwa hiyo mtu akisema soko la malaria ni giza tupu, anatia chumvi.

Na palipo na bei hadharani pamoja na washindani wawili, faida imeonekana. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S ya kampuni ya GSK, ilipendekezwa na WHO Oktoba 2021, na bei yake kwa UNICEF ilikuwa yuro 9.30 kwa dozi moja. Mtoto anahitaji dozi 4, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Ikaja R21 ya Oxford na Serum Institute ya India, ikapendekezwa Oktoba 2023, ikapata ithibati ya ubora ya WHO Desemba mwaka ule ule, kwa bei ya kati ya dola 2 na 4. Kila waziri wa fedha aliona pengo hilo kwa macho yake. Mwaka 2025 GSK na mshirika wake Bharat Biotech wakatangaza kwamba RTS,S itashuka chini ya dola 5 ifikapo 2028, na mwishoni mwa mwaka huo huo Gavi na UNICEF wakatangaza makubaliano ya kuiteremsha R21 hadi dola 2.99. Sidhani hayo yangetokea haraka hivyo kama bei zingebaki kwenye mafaili.

Lakini tazama upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Julai 2023 Uganda ilikuwa kati ya nchi 12 zilizogawiwa dozi milioni 18 za RTS,S. Mgao ule ulifanywa kwa kanuni zilizochapishwa, kila mtu akajua kwa nini huyu kapata na yule amesubiri, na hilo ni jambo la kusifia. Hata hivyo chanjo ya kwanza ya kawaida kwa mtoto wa Uganda ilitolewa tarehe 2 Aprili 2025 pale Apac, na ilikuwa R21. Kati ya mgao na sindano kuna miezi zaidi ya ishirini. Bei ilijulikana muda wote huo. Mama wa Apac, wilaya ambayo watafiti waliwahi kupima humo mtu mmoja akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, hakuwa na pa kusoma ni lini zamu yake, na kama kuna kilichokwama, kimekwama wapi.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa zamani kidogo, wa artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali. Mwaka 2010 matokeo ya utafiti wa AQUAMAT yalitoka. Ulifanyika katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walikufa 10.9%, waliopewa artesuneti, 8.5%. Mwaka 2011 WHO ikasema wazi: artesuneti kwanza. Wewe ni muuguzi, labda unakumbuka wodi za miaka ile. Miaka ilipita dripu za kwinini zikiendelea kutundikwa, muuguzi mmoja akihesabu matone ya watoto kumi usiku kucha, akiogopa sukari ya mtoto isishuke.

Ukiuliza kwa nini, wengi walijibu "bei". Kweli, kichupa cha artesuneti kilikuwa ghali kuliko cha kwinini. Lakini waliopiga hesabu za wodi nzima, maji ya dripu, glukosi, saa za muuguzi, siku za kitandani, walikuta tofauti ni ndogo sana. Kizuizi kizito kilikuwa kingine. Kwa miaka ile kiwanda chenye ithibati ya WHO kilikuwa kimoja, Guilin cha China. Nchi ilisita kubadili mwongozo wake wa tiba kwa sababu iliogopa kutegemea kiwanda kimoja. Kiwanda nacho kitapanuaje mitambo bila kujua nchi zipi zitabadili, na lini? Kampuni ya pili itaingiaje soko ambalo hakuna aliyeonyesha ukubwa wake? Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme kwanza. Kuanzia 2013 mradi uliolipiwa na Unitaid, shirika la kimataifa linalofadhili bidhaa mpya za afya, uliingia nchi 6, nasi tukiwemo, ukanunua vichupa, ukafundisha watumishi, ukafanya mahitaji yaonekane. Baadaye mtengenezaji wa pili, Ipca wa India, naye akapata ithibati. Ukiniuliza ni nini kilichoifungua njia ile, nitasema ni watu kuanza kuambiana idadi.

Sasa tuje kwa hiyo dawa ya watoto wachanga uliyoisikia redioni, maana nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Ni Coartem Baby ya kampuni ya Novartis, na ni kwa watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5. Kabla yake hapakuwa na dawa ya malaria iliyopimwa na kupitishwa kwa watoto wa chini ya kilo 4.5. Watumishi walikuwa wakichukua vidonge vya watoto wakubwa na kukisia. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliipitisha, na nchi 8 za Afrika zilishiriki kuisoma: Uganda, Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji, Nigeria, Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Maana yake mamlaka yetu, NDA, iliona faili mapema badala ya kuanza upya baada ya Waswisi kumaliza. Huo ni uwazi kati ya mamlaka na mamlaka, haupigiwi kelele redioni, na mimi nauthamini kuliko mikutano mingi niliyokaa.

Mtangazaji akisema "imepitishwa", msikilizaji husikia "imefika". Baada ya Uswisi, dawa inahitaji usajili wa NDA. Halafu wizara iiingize kwenye mwongozo wa tiba na orodha ya dawa muhimu. Halafu makadirio. Halafu fedha, na fedha za Mfuko wa Dunia huja kwa mizunguko ya miaka mitatu yenye bajeti iliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo bidhaa iliyozaliwa katikati ya mzunguko inabidi imnyang'anye mwenzake nafasi. Halafu oda, kiwanda, meli hadi Mombasa, lori hadi Malaba, ghala la NMS, ndipo vituo. Na kuna kikwazo kimoja ambacho watu wa nje ya kazi hawakijui. Vituo vya daraja la pili na la tatu havichagui dawa; vinapelekewa kasha lenye orodha iliyopangwa, kila miezi miwili. Dawa isiyo kwenye orodha ya kasha haiendi, hata kama ghalani imejaa. Hospitali na vituo vya daraja la nne ndivyo vinavyoagiza vyenyewe. Basi mtoto wa kilo 4 mara nyingi anaanzia kwenye kituo kile kile kisichoweza kuagiza.

Nikufungulie karatasi ya makadirio uone tatizo lenyewe. Kwa dawa mseto ya kawaida, mstari unajazwa vizuri: matumizi ya mwaka jana, wagonjwa waliothibitishwa, akiba iliyopo, mizigo iliyo njiani, miezi ya akiba tunayotaka. Ukishuka kwenye mstari wa bidhaa mpya, safu ya matumizi ya nyuma ni sifuri. Wagonjwa? Takwimu za vituo hupanga watoto kwa umri, wala hazisemi nani yuko chini ya kilo 5. Mtu anachukua idadi ya watoto wachanga, anazidisha kwa asilimia aliyoisoma mahali, anapata tarakimu. Safu ya "mizigo iliyo njiani" iko tupu, maana mfadhili mmoja ameshaahidi kiasi fulani lakini ahadi iko kwenye barua pepe ya mtu aliyehamia kazi nyingine. Tarakimu ile ya kukisia ndiyo inayokwenda kwa mtengenezaji. Naye ana za kukisia kutoka nchi kumi. Kama ni bidhaa ya soko kubwa, makosa hujifuta yenyewe. Kwa dawa ya watoto wachache kama hii, agiza nusu na itaisha kabla watumishi hawajaizoea. Agiza mara mbili na itaharibika ghalani, na mwaka unaofuata mwenye bajeti atakwambia "ile dawa yenu haitembei".

Hapo ndipo ningetaka uwazi uanzie. Ukurasa mmoja, wa umma, kwa kila bidhaa mpya ya malaria: imesajiliwa au bado, imeingia mwongozo au bado, makadirio ya mwaka ni kiasi gani na yametokana na nini, nani ameagiza, mzigo unatarajiwa lini. Sehemu zake ziko tayari, zimetawanyika tu. NDA ina daftari la dawa zilizosajiliwa ambalo mtu yeyote anaweza kulitafuta mtandaoni. Kitengo cha makadirio cha wizara hutoa ripoti ya hali ya akiba. NMS hutangaza ratiba yake ya usambazaji, wilaya kwa wilaya, na nakumbuka ratiba ile ilivyobadili mambo: mganga mfawidhi aliyejua lori linafika wiki gani hakukubali tena kuambiwa "liko njiani".

Nani anafaidika na idadi kujulikana? Hata kiwanda. Chandarua cha Interceptor G2 cha BASF, chenye dawa mbili kwa ajili ya mbu waliozoea dawa ya zamani, kilipata pendekezo la WHO Machi 2023. Kabla ya hapo taasisi ya MedAccess ilikuwa imeingia mkataba na kampuni: tunakuhakikishia kiasi, nawe teremsha bei. Hakuna aliyemwonea huruma mwenzake pale. Kampuni ilipata uhakika, nao uhakika una thamani ya pesa. Sisi wenyewe tulishaonyesha tunaweza kuzalisha taarifa za namna hiyo. Kampeni ya vyandarua ya 2017 na 2018 iligeuzwa kuwa utafiti, maeneo 104 ya mashariki na magharibi yakigawiwa aina tofauti, na matokeo ya 2020 yakaonyesha watoto waliolala kwenye vyandarua vyenye PBO, kemikali inayoongeza makali ya dawa ya mbu, walikuwa na vimelea kidogo zaidi. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubahatisha kama Uganda itavitaka.

Wakulima wa Kigezi nao wana la kusema kuhusu soko lisiloonana. Artemisinini, kiini cha dawa mseto, hutoka kwenye mmea wa Artemisia annua. Nchi nyingi zilipohamia dawa mseto kwa pamoja, mwaka 2005 kilo ilipita dola 1,000. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki, Kabale wakiwemo, wakapanda. Mmea unahitaji msimu mzima, na mpandaji hana habari mwenzake wa bara jingine amepanda ekari ngapi. Kufikia 2007 bei ilikuwa karibu dola 200. Wengi wakang'oa, na miaka michache baadaye malighafi ikaadimika tena, bei ikapanda tena. Dawa uliyokosa rafuni wakati fulani huenda ilianzia kwenye shamba lililong'olewa.

Haya, duka lako. Huku kwenu giza ni la kweli, na bei ndiyo inayoumiza. Unakumbuka dawa mseto zenye jani la kijani kwenye pakiti? Ulikuwa mpango wa Mfuko wa Dunia wa kulipia sehemu kubwa ya bei kiwandani ili dukani iwe rahisi, nao ulianza kuleta dawa Uganda 2011. Bei za kiwandani zilijulikana. Ila oda zilipozidi makisio na fedha zikaanza kubana, waagizaji walipata habari kwamba mgao utapunguzwa, kila mmoja akaagiza zaidi kujihami. Oda za woga. Baadaye mpango ukaingizwa ndani ya ruzuku za kawaida za nchi, na jani likawa kitu cha kubahatisha kwenye rafu. Ilionekana kwamba uwazi wa juu usipofika chini, muuza jumla ndiye anayebaki na siri, na siri ina faida.

Angalia ankara yako ya mwisho. Ya aina ninazoziona mimi huandikwa kwa kalamu: "AL 24" (yaani dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, vidonge 24), idadi, bei, basi. Haisemi kiwanda, haisemi namba ya bechi, haisemi tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa ankara hiyo huwezi kulinganisha bei na mtu yeyote, kwa sababu hujui unalinganisha nini. "AL 24" moja inaweza kuwa ya kiwanda chenye ithibati ya WHO, kama kile cha QCIL pale Luzira, na nyingine ikawa ya kiwanda usichokijua. Ukianza kudai mambo hayo matatu yaandikwe, utakuwa umefanya uwazi wa soko kuliko semina yoyote. Mkikubaliana wenye maduka wanne watano wa Arua, mkatumiana picha za ankara kila mwezi kwenye kundi la simu, muuza jumla atajua, na bei zitaanza kukaribiana. Shirika la HEPS-Uganda limefanya tafiti za bei za dawa kwa miaka, likilinganisha vituo vya serikali, vya misheni na maduka. Kuwapelekea takwimu za mkoa wenu si kazi bure.

Ila nikuonye kuhusu kulinganisha bei ya dukani na ile ya Mfuko wa Dunia. Ile ni bei ya kutoka kiwandani, kwa mnunuzi wa mamilioni ya dozi. Haina meli, haina lori la kutoka pwani, haina ada za forodha na ukaguzi, haina pango la duka. Sisi hatuna bahari. Ukiona tofauti ya mara mbili usikimbilie kumwita mtu mwizi. Mara tano au sita, hapo una haki ya kuuliza.

Kuna wanaopinga uwazi, na si wote wenye nia mbaya. Kampuni husema: tukitangaza bei ya chini tuliyompa maskini, tajiri naye ataidai, kwa hiyo tutaacha kumpa maskini. Kwa dawa za saratani hoja hiyo inasimama kidogo. Kwa malaria haina miguu, maana tajiri hana malaria. Soko lake ni mtalii na mwanajeshi. Hoja inayonisumbua mimi ni nyingine. Bidhaa yenye watengenezaji wawili watatu, ukitangaza zabuni ya kila mmoja kabla mkataba haujafungwa, umewasaidia kuelewana. Kwa hiyo tangaza baada ya mkataba: aliyeshinda, bei, kiasi, masharti ya usafirishaji. Bei isiyo na kiasi na masharti inapotosha kuliko kunyamaza.

Na serikali yetu haina pa kujificha kwenye hili. Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio namba WHA72.8 la uwazi wa masoko ya dawa, lililoletwa na Italia. Uganda ilikuwa kati ya nchi zilizolidhamini. Uingereza, Ujerumani na Hungaria zilijitenga nalo. Sisi tulisimama mbele. Nyumbani tuna Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005, inayompa raia haki ya kuomba taarifa ya ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Watu wa barabara na ardhi huitumia. Wa dawa, nadra sana.

Ukiandika, usiulize "mbona dawa hakuna". Swali hilo lina majibu elfu. Muulize ofisa afya wa wilaya, kwa maandishi: Coartem Baby imo kwenye makadirio ya mwaka huu wa fedha? Kwa kiasi gani? Imo kwenye orodha ya kasha la vituo vya daraja la tatu, na kama haimo, orodha inapitiwa upya lini? Maswali matatu yenye majibu ya tarakimu au tarehe. Asipojua, atalazimika kuuliza Kampala, na swali likiulizwa Kampala na wilaya nyingi, safu iliyo tupu kwenye ile karatasi inaanza kujazwa.

Haraka yenyewe ina sababu. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kutoka Gulu kwamba baadhi ya vimelea vimeanza kuchelewa kuuawa na artemisinini. Gulu si mbali na kwenu. Dawa mseto bado zinaponyesha, waambie wateja hivyo bila kusita, lakini warithi wake wanakuja: Novemba 2025 Novartis ilitangaza matokeo ya GanLum, dawa ya chengachenga inayomezwa mara moja kwa siku kwa siku 3, iliyoponya 97.4% dhidi ya 94% ya Coartem. Nayo itapita njia ile ile niliyokueleza. Makadirio yake yangefaa kuanza sasa, kabla ya usajili.

Mpaka hapo, ukimpata mama mwenye mtoto wa chini ya kilo 5 mwenye homa, usimkatie kidonge. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, maana homa ya umri ule inaweza kuwa jambo jingine kabisa. Mtu akija na dawa "mpya" kutoka ng'ambo ya mpaka, tafuta jina lake kwenye daftari la NDA kabla hujanunua, na usipolikuta usiiweke rafuni. Chanjo haiuzwi dukani, ni bure vituoni, na ilianza kwa wilaya 105 zenye malaria nyingi: miezi 6, 7, 8, halafu 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo rahisi kusahauliwa, kwa sababu mtoto keshatembea na mama anaona amemaliza. Akija dukani kununua dawa ya kikohozi, muulize kadi.